Faini ya Penseli

Masharti tuliyaandika nyuma ya risiti ya matairi:
kitabu kimoja kila mwezi, na kiwe cha kweli,
hadithi za kubuni marufuku hadi Krismasi,
atakayeshindwa atanunua chai na chapati za wote.
Tulikuwa wanne. Drateru wa cherehani,
Ezama anayefundisha hesabu, Anguzu mwenye funguo za maktaba,
na mimi, muuza spea za baiskeli hapa Arua,
ambaye kitabu changu cha mwisho kilikuwa cha mtihani.

Januari nilisoma nyuki. Nikajifunza
kwamba malkia hatawali, anataga tu,
nikamwonea huruma hadi Jumapili.
Februari, mifereji ya maji machafu ya miji ya kale.
Usicheke. Tangu hapo siwezi kuruka mtaro
bila kuinama kuuliza maji yanakwenda wapi.
Machi nilisinzia. Yalikuwa madini, kurasa mia nne,
nikadonoadonoa kama kuku uani,
nikaapa nimemaliza. Ezama akaniuliza swali moja tu.
Chapati kumi na mbili. Drateru peke yake alikula tano.

Aprili Anguzu alinipa, bila neno,
historia ya nchi yetu, jalada limeungwa kwa gundi.
Niliisoma dukani, mikono ina grisi,
nikifunua kurasa kwa ncha ya spoku.
Tarehe zilipanga foleni. Mikataba ilitiwa saini.
Kisha ukurasa wa mia mbili na kumi na moja:
"Mwaka huo wakazi wengi wa Nile Magharibi walivuka mpaka."
Nukta. Aya inayofuata ilihusu bei ya pamba.

Nikaenda nacho nyumbani, nikamsomea mama kwa Kilugbara,
polepole, sentensi ile peke yake.
Alikuwa anapepeta ufuta. Ungo ukasimama.
"Hakikutaja mvua?"
Hakikutaja, mama.
"Wala sufuria tuliyoiacha motoni, maharage hayajaiva?"
Hapana.
"Basi aliyeandika hakuvuka," akasema,
akaanza kupepeta tena. Kisha, ungo ungali hewani:
"Hao wengi ni wangapi?"

Sina jibu. Ezama wa hesabu naye hana.
Ninachojua ni kwamba ndani ya neno hilo, wengi,
yumo mama, miaka kumi na tisa, kanga moja,
yumo kaka yangu Candia niliyemkuta jina tu,
aliyebebwa mgongoni na homa yake kwenda
na hakubebwa kurudi.
Herufi moja ya neno, labda. Labda hata haifiki.

Usiku nikachonga penseli kwa kisu cha kukatia raba.
Pembeni mwa ukurasa, kwa mwandiko wa mtihani, nikaandika:
Ilinyesha. Maharage hayakuiva. Candia, miezi minane.

Siku ya kurudisha, Anguzu akapekua kama kawaida yake,
akafika pale, akasoma, akavua miwani.
Alikaa hivyo hadi mtoto aliyekuja kuomba atlasi
akachoka kusubiri, akaondoka.
Halafu akafungua daftari la faini,
maana kazi ni kazi na kitabu ni cha serikali.
Shilingi elfu tano. Sababu: kuchafua kitabu.
Lakini kifutio kilikuwa mezani, kando ya kidole chake,
na hakukigusa.

Stakabadhi nimeibandika dukani, juu ya minyororo.
Mama hajui kusoma, ila huuliza kama bado ipo.

Mwezi huu ninasoma udongo. Niko ukurasa wa tisa.
Kinasema katika kiganja kimoja cha udongo
mna viumbe wengi,
na baada ya neno hilo kinataja idadi.
Nimeipigia mstari.
Kwa ukucha, safari hii.