Kufumua

Nibaldo alipiga simu Jumapili kutoka Punta Arenas,
upepo ukimkata maneno katikati.
"Mama, mtoto atazaliwa Julai, baridi ikiwa kali kabisa.
Yasna anaomba kitu cha sufu. Sufu ya nyumbani."
Nikasema ndiyo kabla sijafikiri.

Sufu ya nyumbani ilikwisha.
Kondoo wa mwisho nilimuuza mwaka ule paa lilipovuja,
na ile ya kijivu, ya kondoo tuliyemwita Jivu,
imebaki mahali pamoja tu duniani:
ndani ya kasha, chini ya mashuka,
katika sweta la mtoto wa miaka saba.

Siku tatu nililipita kasha lile
kama mtu apitavyo duka analodaiwa.

Siku ya nne mvua ilinyesha, kama inavyonyesha Chiloé,
mgeni asiyejua kuaga.
Nikatia kuni jikoni, nikalitoa.
Kiwiko cha kushoto kina kiraka: alianguka gatini, Achao.
Kifuani kuna doa la maziwa, au la machozi,
yote mawili hukauka rangi moja.
Nikanusa. Hapakuwa na mtoto.
Lilinuka kasha.
Miaka kumi na tisa nimetunza harufu isiyokuwapo.

Jirani yangu Uberlinda alikuja kuomba hamira.
Akaniona na mkasi, akashika mlango.
"Otilia, nenda Castro, kuna uzi wa kila rangi.
Hilo liache. Hilo uzikwe nalo."
Akachukua hamira, akaenda zake,
neno lake likabaki limeketi mezani:
uzikwe nalo.
Ndilo lililonipa nguvu.

Nilianzia mkononi.
Nilikata kitanzi kimoja tu, kidogo kama yai la chawa,
kisha nikavuta.
Uzi ukatoka ukilia trrr,
mstari kwa mstari, kiwiko, bega,
na kila mstari nikakumbuka nilipoufuma:
huu, usiku wa tetekuwanga;
huu, redio ikisema ghuba nzima haina samaki;
huu, foleni ya zahanati, sindano zikigongana kama meno.
Kilichonichukua majira yote ya baridi
kikaachia ndani ya saa moja.
Sikujua kuachia kuna kasi hiyo.
Mikono ilijua. Mimi ndiye niliyechelewa.

Karibu na shingo uzi ukagoma.
Fundo.
Nililikumbuka: usiku ule Segundo alipotoka na begi,
nikaukata uzi kwa meno, nikauunga kwa hasira,
nikakaza mara tatu, nikalificha upande wa ndani,
pale pale lilipomgusa mtoto shingoni.
"Linaniwasha, Mama," alikuwa akisema. "Linaniwasha."
Nami nikimjibu: sufu huwasha, zoea.
Alivaa fundo langu misimu miwili.
Hakuwa na la kufanya ila kukua.

Kulikata ingekuwa rahisi. Sikulikata.
Nililifungua kwa ukucha na ncha ya sindano
mpaka giza likaingia na viazi vikaungua.
Lilipolegea nililia kidogo, si sana,
kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

Uzi uliofumuliwa haunyooki wenyewe.
Unabaki na mawimbi, unakumbuka umbo.
Sharti uuoshe kwa maji ya vuguvugu,
uutundike, uufungie jiwe chini,
uungoje.
Sasa unaning'inia juu ya jiko, unadondosha maji,
wa kijivu, mrefu ajabu,
mrefu kuliko nilivyodhani mtoto anaweza kuwa.

Kichanga hakihitaji nyingi. Itabaki.
Sijui nitaifanyia nini itakayobaki.
Kesho nitapima. Nitampigia Nibaldo
nimuulize kama shingo bado inamuwasha,
na akicheka, nitamngoja amalize kucheka,
kisha nitamwambia habari ya fundo.