Kodi ya Punje Moja

Bi Winifred Ashworth alikuwa na gereji
nyuma ya nyumba yake, Rochdale, mtaa wa mteremko,
matofali bado meusi kwa moshi wa viwanda vilivyokwisha kufa.
Niliitaka nitengenezee baiskeli. Nikamuuliza pauni ngapi.
Akasema: sitaki pauni. Ichukue, miaka kumi.
Nikashukuru, nikainuka. Akagonga kiti kwa mkongojo:
"Kaa. Hujanipa kitu."

Miaka thelathini na moja alipiga taipu kwa mawakili.
"Sheria ya hapa," akasema, "haina sikio la hisani.
Ahadi ya bure haina mfupa. Nikikuahidi leo,
kesho nikageuka, hakimu atakupa pole
na kukuonyesha mlango.
Labda tuandike hati rasmi, na wino wake, na gharama zake.
La sivyo, nipe nikupe."

Nikacheka. Kwetu Wete ahadi ni deni:
ukishalitamka neno umeshalikopa,
utadaiwa sokoni, utadaiwa msibani.
"Deni la nani?" akauliza. "Umelilipia nini?"

Jibu sikuwa nalo. Nilikuwa na mfuko wa koti,
na kesho yake ilikuwa Idi, na mfukoni
pilipili manga ya pilau, kutoka duka la Rafaqat.
"Hiyo," akasema. "Punje moja.
Kila tarehe ishirini na tano ya Machi."

Punje moja, gereji nzima?

"Korti haishiki mizani. Haiulizi nani kapunjwa.
Inauliza tu: bei ipo, au haipo?"

Akataipu karatasi mbili, tukatia saini,
jirani Entwistle akashuhudia, miguuni soksi tupu.
Na kila Machi nikapeleka, na kila Machi risiti:
*Nimepokea punje moja, nyeusi, kavu.*
Mali bila daftari, nikamfundisha,
hupotea bila habari.
Akaipenda. Akaibandika kwenye jokofu.

Mwaka wa tano mama yangu alikufa.
Machi nzima nilikuwa Wete, nikipokea mikono ya watu.
Sikukumbuka Rochdale. Sikukumbuka punje.
Niliporudi hakusema neno, nami sikuuliza.

Alizikwa mwaka wa saba, Novemba, mvua ya ubavu.
Mpwa wake Neville akaja kutoka Stockport
na mtu wa kupima viwanja.
"Shangazi alikuwa mkarimu," akaniambia,
"na ukarimu wake tumeuzika naye."

Wakili Farkhanda akafungua kopo la peremende,
akazihesabu kwa ncha ya kalamu. Saba.
Kisha kalamu ikasimama.
Sita nyeusi. Moja nyeupe.

Risiti ya mwaka wa tano ilikuwapo, herufi zikitetemeka:
*Nimepokea punje moja.* Rangi hakuandika.

Yeye aliyenifundisha kwamba bei
sharti itoke mkononi mwa anayeahidiwa
alikwenda kwenye kabati lake mwenyewe,
akajilipa kwa niaba yangu,
akajiandikia risiti.

Nilitaka kusema. Farkhanda akanitangulia:
"Mkataba ulikuwa hai kabla ya hii. Ungekuwa hai bila hii."
Akairudisha koponi, taratibu,
kama mtu anayemrudisha kifaranga kiotani.
"Na anayerithi nyumba, hurithi pia
neno lililofungiwa ndani yake."

Machi ikafika. Neville alikuja kuchukua barua za shangazi.
Nikamkuta mlangoni, nikamnyooshea kiganja.
Aliitazama punje kama anayetazama mdudu.
Akaichukua. Hakujua aiweke wapi;
koti lake halikuwa na mfuko wa kitu kidogo namna ile.
Basi akaitia kinywani, akaitafuna,
macho yakamlenga machozi, akakohoa hadi akashika ukuta.

Nikamletea maji.
Kisha nikamletea kalamu.