Panapobandukia

Kisahani cha chuma, upana wa kikombe cha kahawa,
nilikigundisha ukutani Mkomani, Jumatano iliyopita.
Leo nakivuta.
Mshale wa mashine unapanda polepole
na mimi siuangalii sana mshale.
Nguvu ni nambari. Ninachotaka kujua
ni pale kitakapobandukia.

Maana pahali pa kuvunjika ni patatu:
ndani ya jiwe, ndani ya lipu,
au katikati, pale vinapogusana,
pembamba kuliko ukucha wa mtoto mchanga,
pahali ambapo miaka sita nimepasoma
na bado sijui niseme ni pa nani.

Ta!
Nageuza kisahani. Saruji nzima, kijivu, haina hata ufa,
na mgongoni imebeba ngozi ya tumbawe:
vijishimo, kipande cha kombe, unga mweupe.

Fundi Shekuwe, aliyeipiga lipu hii mwenyewe
mwaka ule wa mvua zisizokoma,
anachungulia, anatabasamu: "Si waona?
Imeshika mpaka imetoka na nyama."

Ndiyo, fundi. Imeshika.
Chumvi hupanda toka ardhini ikitafuta mlango,
ikakuta umeziba, ikalala humo humo,
ikaota meno nyuma ya saruji yako.
Jiwe likaliwa kimya, na nje ukuta unang'aa.

Babu yake alichoma chokaa Matondoni,
tabaka la kuni, tabaka la mawe,
akaizima kwa maji, akaifukia shimoni
hadi ikawa laini kama samli.
Maabara yangu inasema chokaa ile ni dhaifu.
Niliandika hivyo kwa mkono wangu, jedwali la tatu.
Sikuandika kwamba ikipata ufa
mvua huiyeyusha kidogo, jua huirudisha,
na ufa hujishona.
Jedwali halikuwa na safu ya hilo.

Mama alianguka kwenye ngazi ya daka.
Mombasa, Daktari Mwadime alinionyesha:
unga, na maji yanukayo kama rangi ya kucha;
akakoroga, ikapata moto, akasema tuna dakika chache.
"Ni gundi?"
"La. Haishikani na mfupa.
Hupenya kwenye vinyweleo, ikagandia humo, ikashikilia.
Ndiyo maana nausugua mfupa, naukausha damu."
Nikamkumbuka Shekuwe na ndoo yake,
akilirushia jiwe maji kabla ya kulipaka:
jiwe kavu lina kiu, litakunywa lipu yako.
Huyu hukausha, yule hulowesha,
na wote wawili, wakimaliza,
husema "haya" na kunawa mikono.

Hiyo ni miaka tisa.
Sasa mama hugusa paja, husema,
"Hapa pana mtu apiga hodi."
Picha ya eksirei ninayo mkobani:
kati ya mfupa na saruji, mstari mweusi, unywele tu.
Ningeuona ukutani ningeandika tarehe, upana, sababu.
Nimeirudisha picha kwenye bahasha.
Kesho nitampigia daktari.
Jana pia nilisema kesho.

Baada ya isha nampitia, twende kwa Bi Mwanaate
kwenye hitima ya mumewe.
Ngazi za nyumba yetu ni za zamani, kila moja na kimo chake.
Namkamata mkono kwa nguvu zangu zote.
"Ndoo," asema, "lakini usinishike sana. Waniumiza."

Nalegeza. Nabakisha kiganja chini ya kiwiko,
kinagusa, kinaachia, kinagusa.
Tunashuka. Anapumzika. Tunashuka.
Chini, taa ya jirani inapotupata, ndipo naona
kwenye mkono wa buibui lake
vidole vitano vyangu, vyeupe.