Nita

"Zima kiyoyozi," nimemwambia, "dakika ishirini tu."
Mabela, mwezi wa saba, saa nane mchana.
Shangazi Ghanima amenitazama kama mtu
aliyeombwa avue ngozi.
Lakini waya hausikii santuri peke yake,
unasikia kila kinachonguruma ndani ya nyumba.

Kikasha kimefika jana kutoka Dubai,
chepesi, hakizidi kopo la halua.
Huku zinaingia nyaya mbili, nyekundu na nyeupe,
huku unatoka mmoja kwenda kwenye kompyuta,
na pembeni kiwaya chembamba kinachotafuta ardhi.
Kisipoipata, wimbo wote unavuma kama mzinga wa nyuki.
"Hata mimi," amesema shangazi,
akijipepea kwa kifuniko cha sufuria.

Santuri kumi na moja.
Zilikuja Maskati ndani ya sanduku la bati,
kila moja imelazwa baina ya kanga na kanga,
Ruwi ikiwa bado vumbi na vibao vya wakandarasi.
Nazifuta kwa pamba na maji safi.
Lebo zimeliwa na mende,
majina ya waimbaji yamekwenda nazo.

Ya nne ina kovu.
Kaa lilidondoka chetezoni usiku wa arusi ya Zuweina,
likakaa juu yake kiasi cha kusema bismillahi.
Sindano ikifika hapo inakwama:
nita — nita — nita —
Kitenzi hakiji.

Kwenye skrini mawimbi yanafuatana, mamoja,
kama mtu anayepanda ngazi ile ile.
"Nitapakata, nitapaunga, hutajua."
Anacheka. Miaka arubaini na tano
pengo hilo analijaza mwenyewe:
nitapika, nitasuka, nitakwenda Nizwa kesho,
nitamzika Mbarak (hilo aliliimba ndani ya eda,
kwa sauti ndogo, mlango umefungwa).
Lipo moja hajalitia kamwe.
Nasikia anavyoliruka: pumzi fupi,
kisha moja kwa moja kwenye kiitikio.

"Kwani hasa alisema ata nini, yule mwimbaji?"
"Nimesahau," anajibu,
upesi mno.

Nainua sindano kwa kidole, naishusha mbele kidogo.
Ngoma inaendelea kana kwamba hapakuwa na kitu.
Jasho limenifika viwikoni.
Upande umekwisha; kompyuta inauliza jina la faili.
Shangazi keshainuka, rimoti mkononi:
"Nawasha, mwanangu. Tutakufa."

Naandika herufi nne.