Asilimia Nne

Agosti, Mabela. Saa nane za usiku
na lami nje bado inatema joto la mchana.
Nimezima esi makusudi,
nimezima friji, na ile taa ya sebuleni
inayolia kama nzi ndani ya chupa.
Shangazi Thuwaiba ananitazama:
"Mtoto wewe, unataka tusikilize muziki
au unataka tufe, tuoshwe?"

Kaseti ni yake. Harusi ya Ng'ambo,
mwaka haujulikani: yeye asema sabini na nane,
binamu yangu asema themanini na moja.
Juu yake kalamu imeandika SLEYUM, basi.
Kaka yake. Baba yangu mkubwa, ambaye sikumuwahi.
Nimeiingiza kwenye kompyuta tangu Juni
na tangu Juni sijalala vizuri.

Kwanza ule mvumo. Mmmm, chini ya kila neno,
kama mtu anayekubali asichokisikia.
Nikabadili waya. Mmmm.
Nikaenda Ruwi kwa Biju, Mmalayali wa spea,
akaniuzia kiboksi kidogo kama kiberiti:
"Itoe sauti nje ya tumbo la mashine," akasema,
"humo ndani vyuma vinafikiri kwa kelele."
Riali thelathini na mbili.
Mmmm.

Kumbe chaja.
Niliichomoa tu, pakatulia,
utulivu wa kuogopesha,
kama umeingia chumba cha giza ukajua mna mtu.
Lakini betri yangu kuukuu. Inanipa dakika arubaini.

Na mengine nimejifunza kwa kuumia:
sauti ya kompyuta iache juu kabisa,
upunguze kwenye amplifaya;
zima kila kidude kinachojidai kuboresha,
huyo ni mpishi anayetia sukari kwenye mchuzi wa papa;
spika usiziegemeze ukutani, zitavimba besi.
Zangu nimezipandisha juu ya matofali,
na zulia la shangazi nimelitundika nyuma yake.
Zulia hilo hajanisamehe.

Nikabonyeza.
Kiti kinaburutwa. Mtu anakohoa.
Ganuni inamwagika, mtama juu ya sinia,
kila punje naisikia inapotua,
na fidla nyuma yake, hatua mbili hivi.
Nikafumba macho, jasho linanishuka mgongoni.
Sleyum akaanza.

"Si yeye," akasema shangazi.

Nini?

"Huyu kijana kabanwa pua. Sleyum akipiga hodi
vikombe kabatini vikiitikia."
Nikamweleza: utepe, miaka, masikio
(hilo la masikio nililimeza).
Hakunijibu. Aligonga mkono wa kiti
kwa kidole chenye pete, tak, tak:
"Na mbona wanakimbia?
Bibi harusi yule hakuwa na haraka hata kidogo."

Riali zote zile, matofali, zulia,
na aliyejua ni kidole cha miaka themanini na moja.
Usiku ule betri za redio zilikuwa zimechoka,
utepe ukatambaa wakati wa kurekodi;
sisi leo tunaukimbiza kwa mwendo wa wazima.

Nikapunguza. Asilimia moja. "Bado."
Mbili. "Yuko barazani."
Tatu. Akanyamaza.
Nne,

sauti ikashuka ngazi, ikavua viatu,
ikakaa.

Vikombe vya kahawa kwenye sinia
vilitikisika, naapa. Au besi tu.
Shangazi hakulia. Aliuliza,
"Nani yule anayekohoa?"
akajijibu mwenyewe, jina sikulishika.

Betri: asilimia sita.
"Chomeka waya," akasema.
Itavuma, shangazi.
"Na ivume. Na hiyo esi iwashe.
Kwani ulidhani siku ile
tulikuwa kimya?"