Mkonga

Kandasami hakulia. Alikohoa tu,
akaiweka barua ya mpwawe juu ya meza yangu,
baina ya kopo la gundi na msahafu ulioachia uzi.
"Tazama," akasema, "wamemkata mkonga."

Mimi ni fundi wa kujalidi, Kibokoni. Tembo sikumuona.
Niliona viduara, kama kaimati zilizomwagika siniani.

Akaniomba kalamu. Akaandika neno moja, tembo,
kama alivyofunzwa Madurai kabla ya kupanda meli:
mwishoni herufi ikainua mkonga, ikajikunja,
kama inayonusa ukurasa ujao.
Kisha akaliandika upya, walivyoamua serikali ya kwao
ili mashine za chapa zipumue na watoto wasichoke:
vitanzi viwili vimetangulia mbele, vimekaza miguu.
"Lasomeka," akasema. "Ni tembo bado.
Lakini atanusa kwa nini?"

Nilitaka kucheka. Nikamkumbuka nyanya, Mwanashee,
na barua zake za hati ya Kiarabu mkobani,
ambamo be moja ilibeba be na pe na mbe,
punda mmoja wa nyumba tatu.
Ami aliandika kutoka Lamu: *Papa yuaja Alhamisi.*
Nyanya akasoma *baba*. Akafua kanzu, akachoma udi.
Alhamisi akashushwa papa, mkavu, kafungwa kamba.

Wakaja watu wa nukta, pe ikapewa tatu zake.
Kandasami akatikisa kichwa: wazee wao
waliandika juu ya majani ya mvumo,
na nukta waliiogopa. Nukta hutoboa jani.

Kisha zikaja hizi ninazoandikia.
Nyanya alisoma tangu ana miaka sita;
siku ya kitambulisho, karani alimwandika *hajui*,
akamshika dole gumba, akalichovya winoni.

Kabla hajatoka Kandasami alifungua kikebe cha tumbaku,
akanipa herufi moja ya risasi, ya zamani, yenye mkonga.
"Kwangu haina kazi. Kwako pia haina."

Jioni nikapita chini ya zile pembe za bati,
zimekingamana juu ya magari, tembo wake hayupo,
wala hakuna anayemuulizia.
Nikatia mkono mfukoni kuhakikisha.
Nilipoutoa, dole gumba lilikuwa jeusi.