Daftari la Vipimo

Ukurasa wa Tusajigwe una wino wa rangi tatu.

Bluu: mwaka alioleta kitenge cha harusi ya dada yake.
Alisimama mlangoni kama nguzo ya simu,
mvua ya Tukuyu ikimchuruzika, akicheka.
Bega hadi kifundo: inchi hamsini na nne.
Nyeusi: baada ya mtoto wa nne.
Kiuno kimepanda, kimo ni kile kile.
Nyekundu: Februari hii.
Hamsini na moja na nusu.

Nilidhani futi yangu imevutika,
ni ya zamani, namba zimefifia.
Nikaazima ya jirani, nikampima tena.
Hamsini na moja na nusu.

Fundi hasemi kila anachokiona.
Nimejua mimba kabla ya waume,
nimeiona njaa kwenye mkanda wa mwalimu.
Lakini mtu kupungua kuanzia juu, kama mshumaa,
hilo sikuwa na safu ya kuliandika.
"Ni uzee, fundi. Kata pindo tu."

Nikakata pindo.

Mwezi wa tano njia ya bandani huwa sabuni.
Alianguka kidogo tu, hata maziwa hayakumwagika yote.
Kiganja kilitangulia,
na mkono ukasema *ta*,
bua la mahindi la mwaka jana.

Huko Mbeya daktari aliinua picha kwenye dirisha.
Aliporudi alinieleza kwa lugha yangu:
"Nje shuka, fundi, ndani chandarua.
Matundu matupu.
Na pingili mbili za mgongo zimebonyea kimya kimya,
pengine siku ile nilipojitwika mkungu wa ndizi,
nami nikadhani ni baridi."

Nikaliangalia daftari, nikalifunga.
Lilijua kabla ya picha.
Ningesema.
Ningesema nini?

Siku hizi ana kidonge cha Jumapili.
Alfajiri, tumbo tupu, glasi nzima ya maji,
kisha nusu saa asilale, asiiname.
Hutembea taratibu mpaka kibarazani kwangu,
fimbo mkono mmoja, mabuti ya mvua miguuni,
tunahesabu dakika pamoja.
Chai yangu huinusa tu mpaka muda wake utimie.

Jua la huku ni la kuwindwa.
Likitoka, huacha hata ugali jikoni
akalitandikia mikono yote miwili.
Usipa wa Matema hula na miiba yake, kichwa na mkia.
Lusekelo amempigilia mianzi ya kushikia
toka mlangoni mpaka chooni,
na lile zulia la sebuleni, zawadi ya mkwe,
limehamia ukutani kama picha ya familia.

Na maziwa.
Miaka ishirini yalipanda yote kwenye gari la mnunuzi,
yakarudi sare, yakarudi madaftari, yakarudi ada.
Wanawe wanne ni warefu, uwaone!
Sasa kikombe cha kwanza hakivuki kizingiti.
"Huyu ng'ombe," anasema, "tumefahamiana tumechelewa."

Gauni lake jipya nimelikata kwa akili nyingine.
Nyuma nimeongeza inchi na robo, nundu ipate pa kukaa,
mbele nimepunguza.
Likiwa mezani linaonekana kosa la mwanafunzi.
Akilivaa, pindo linazunguka sawa,
kama maji kwenye beseni.
Alijitazama kiooni muda mrefu,
akageuka ubavu, jambo ambalo hakuwa analifanya tena.
"Ndaga, fundi," akasema. Basi.

Jana usiku, umeme ulipokatika,
nilichukua kibatari na futi
nikamwita mke wangu asimame kwenye fremu ya mlango.
Ana hamsini na minane. Ukurasa wake
una wino wa bluu peke yake.
"Unanishonea?" akauliza, macho yanang'aa.

Nikasema ndiyo.
Vua kandambili.
Nyoosha shingo.